Bunduki ya Upepo Karibu na Makazi: Usalama wa Jicho na Amani ya Jirani

Katika miji midogo na viunga vya Uingereza, Ujerumani na Marekani, si ajabu kumkuta mtu mzima nyuma ya nyumba yake siku ya Jumamosi, akilenga karatasi yenye duara jeusi kwa bunduki ya upepo. Hana nia ya kumdhuru mtu. Yamkini anapumzisha akili baada ya juma la kazi, au anamfunza kijana wake utulivu wa mkono na nidhamu ya shabaha. Hata hivyo, jirani anayechungulia dirishani haioni nia hiyo. Anachokiona ni mtu mwenye bunduki. Naye daktari wa macho katika hospitali ya mji huo haoni nia wala bunduki. Anachokiona ni mtoto aliyeletwa na wazazi wake, jicho moja limejaa damu.

Makala haya yanawahusu watu hao watatu: mlengaji, jirani na mgonjwa. Yameandikwa kwanza kwa ajili ya familia za Waswahili wanaoishi katika nchi ambamo chombo hiki huuzwa madukani, na ambao huenda watoto wao wamekwisha kukiomba kama zawadi. Yanamhusu pia msomaji wa huku nyumbani, ambaye pengine hajawahi kuigusa bunduki ya upepo lakini anaijua vema manati. Kwa maana jicho halitofautishi baina ya jiwe na gololi.

Hoja yetu ni moja. Anayetaka kulenga shabaha karibu na makazi ya watu hana budi kuhakikisha kwamba mambo matatu hayavuki mpaka wa kiwanja chake: risasi, kelele na hofu. Sheria za nchi nyingi hushughulika zaidi na lile la kwanza. Mengine mawili yameachiwa busara ya mtu mwenyewe, na kuyapuuza kumewahi kugharimu maisha.

Chombo chenyewe

Bunduki ya upepo hurusha risasi kwa nguvu ya hewa au gesi iliyobanwa, badala ya baruti. Zipo zinazotumia springi nene inayosukuma pistoni, zipo zinazojazwa hewa kwa pampu katika mtungi mdogo ulio chini ya mtutu, na zipo zinazotumia vichupa vya gesi ya kaboni dayoksidi. Kinachorushwa aghalabu ni kipande kidogo cha madini ya risasi chenye kiuno chembamba, ambacho katika makala haya tutakiita kirisasi. Kipenyo chake ni milimita 4.5 au 5.5. Bunduki nyingine hurusha gololi za chuma.

Wengi huidhani kuwa mwanasesere. Historia yake haisemi hivyo. Mwishoni mwa karne ya 18 jeshi la Austria lilikuwa na bunduki za upepo zilizobuniwa na Girandoni, na wapelelezi Lewis na Clark walichukua bunduki ya upepo katika safari yao ya kuvuka bara la Amerika mwanzoni mwa karne ya 19. Tangu mwaka 1984 mashindano ya bunduki ya upepo ya mita 10 yamo katika Michezo ya Olimpiki, na kitone cha alama kumi katika shabaha yake kina kipenyo cha nusu milimita tu. Ni chombo cha watu wazima, kinachodai umakini wa watu wazima.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha nguvu yake. Katika Uingereza, bunduki ya upepo ya kawaida inaruhusiwa kuwa na nishati isiyozidi takriban jouli 16. Kirisasi chenye uzito wa nusu gramu kikipewa nishati hiyo hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 250 kwa sekunde, yaani kilomita 900 kwa saa. Hiyo ni kasi inayokaribia ile ya ndege ya abiria ikiwa angani. Kikielekezwa juu kidogo, kirisasi hicho chaweza kusafiri mamia ya mita kabla ya kuanguka. Mtaa mzima ungeweza kukaa ndani ya masafa hayo: nyumba, shule, kituo cha basi na uwanja wa watoto.

Jicho, kifua na damu

Jicho la mtu mzima lina kipenyo cha takriban milimita 24, na ukuta wake wa nje ni mwembamba. Kirisasi au gololi ikilipata moja kwa moja, mara nyingi hulitoboa na kuingia ndani. Majeraha ya namna hiyo ni miongoni mwa yale mabaya zaidi ambayo madaktari wa macho hukutana nayo. Jicho laweza kushonwa na umbo lake likahifadhika, lakini uwezo wa kuona mara nyingi haurudi.

Hata pale ambapo kirisasi kimepungua kasi na kugonga bila kutoboa, madhara si haba. Damu huweza kuvuja katika chumba cha mbele cha jicho na kuifunika mboni. Lenzi huweza kupata ukungu, yaani mtoto wa jicho, hata kwa kijana mdogo. Retina huweza kuchanika au kubanduka. Na hata baada ya jicho kuonekana limepona, presha yake huweza kupanda miaka kadhaa baadaye na kuua mshipa wa fahamu wa kuonea kimyakimya. Kwa hiyo aliyewahi kupigwa jichoni anapaswa kupimwa na daktari wa macho mara kwa mara maishani mwake, ijapokuwa haoni tatizo lolote.

Sehemu nyingine za mwili nazo zimo hatarini, hususan za watoto. Fuvu la mtoto ni jembamba katika panja, na kirisasi kinachopitia kwenye tundu la jicho chaweza kufika ubongoni. Ukuta wa kifua cha mtoto pia ni mwembamba, na moyo haupo mbali na ngozi. Kinachowadanganya wazazi ni udogo wa kidonda. Mtoto huletwa akiwa na tundu la milimita chache, damu imekauka, mwenyewe anazungumza; kumbe ndani kirisasi kimetoboa utumbo, pafu au moyo. Kwa sababu hiyo, kidonda chochote cha bunduki ya upepo kichwani, shingoni, kifuani au tumboni ni dharura, hata kama kinafanana na mchubuko wa mwiba.

Hatari ya tatu hukaa kimya zaidi. Lugha yetu imelipa neno risasi kazi mbili: ni kile kinachofyatuliwa na ni madini yenyewe. Madini hayo ni sumu kwa ubongo unaokua. Mwenye kutumia virisasi anapaswa kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, asiweke virisasi mdomoni wakati wa kujaza bunduki, na asiache mabaki yake yakatapakaa ardhini ambako kuku hudonoa na watoto huchezea. Kirisasi kilichobaki mwilini, hasa ndani ya maungio, chaweza kuendelea kumwaga sumu katika damu. Daktari ndiye wa kuamua kama kitolewe au kiachwe.

Mipaka ya sheria

Hakuna sheria moja ya dunia kuhusu chombo hiki. Kinachouzwa kwa uhuru katika mji mmoja chaweza kuwa kosa la jinai katika mji wa pili, mwendo wa nusu saa kwa gari.

Katika England na Wales, bunduki ya upepo isiyozidi takriban jouli 16, na bastola ya upepo isiyozidi takriban jouli 8, haihitaji cheti. Ni lazima mnunuzi awe ametimiza miaka 18. Mtoto wa chini ya miaka 14 anaweza kuitumia tu akiwa chini ya uangalizi wa mtu mwenye umri wa miaka 21 au zaidi. Mwenye miaka 14 hadi 17 anaweza kuitumia katika eneo binafsi kwa ridhaa ya mwenye eneo, lakini hawezi kuinunua. Mwenye silaha anawajibika kisheria kuchukua tahadhari ili isiwafikie watoto. Kubeba silaha hiyo hadharani bila sababu ya msingi ni kosa, hata kama haina kirisasi ndani. Na kanuni iliyo muhimu kuliko zote kwa wakazi wa mitaani ni hii: ni kosa kufyatua kirisasi kikavuka mpaka wa eneo ulilomo, isipokuwa mwenye eneo la pili ameridhia. Kadhalika, sheria ya barabara inakataza kufyatua silaha ndani ya futi 50 kutoka katikati ya barabara, ikiwa kwa kufanya hivyo mpita njia atajeruhiwa, atakatizwa au atahatarishwa.

Scotland imekwenda mbele zaidi. Mwaka 2005 mtoto wa miaka miwili, Andrew Morton, alipigwa kichwani kwa bunduki ya upepo jijini Glasgow na kufariki dunia. Kampeni iliyofuata kifo hicho ilichangia kuzaliwa kwa sheria ya mwaka 2015, na tangu tarehe 31 Desemba 2016 mwenye bunduki ya upepo huko hana budi kuwa na cheti cha polisi, isipokuwa kwa zile dhaifu zisizozidi jouli moja. Ireland ya Kaskazini nayo hudai cheti kwa silaha yoyote ya upepo inayozidi jouli moja. Kwa hiyo familia inayohama kutoka Birmingham kwenda Glasgow haiwezi kuhama na bunduki yake kama inavyohama na viti.

Ujerumani huruhusu mtu mzima kununua bunduki za upepo zisizozidi jouli 7.5 zenye alama maalumu, na kuzitumia nyumbani kwake maadamu kirisasi hakiwezi kutoka nje ya eneo lake. Neno la kuzingatia hapo ni *hakiwezi*. Haitoshi kwamba hakikutoka. Mazingira yenyewe yanatakiwa yakizuie kutoka.

Marekani sheria ya shirikisho haiihesabu bunduki ya upepo ya kawaida kuwa silaha ya moto, lakini majimbo na miji ina sauti yake. Jimbo la New Jersey huiweka katika kundi moja na silaha za moto, na jiji la New York huzuia watu wasio na leseni kuimiliki. Miji mingi midogo ina kanuni zake kuhusu kufyatua kitu chochote ndani ya mipaka ya mji. Kwa hiyo anayeishi huko asitosheke na maneno ya muuza duka. Na aulize ofisi ya mji na kituo cha polisi cha mahali pake, na ikiwezekana ayapate majibu kwa maandishi.

Hofu nayo huua

Mlengaji anaweza kutii kila kifungu cha sheria na bado akasababisha msiba, kwa sababu macho ya binadamu hayawezi kupima jouli. Bunduki nyingi za upepo zimeundwa makusudi zifanane na za kijeshi. Kwa umbali wa mita 20, hata askari mzoefu hawezi kuzitofautisha.

Jimbo la Ohio, Marekani, lilishuhudia misiba miwili ya namna hiyo katika mwaka mmoja. Mwezi Agosti 2014, John Crawford, kijana wa miaka 22, aliichukua bunduki ya upepo kutoka kwenye rafu ya duka kubwa katika mji wa Beavercreek na kutembea nayo dukani huku akizungumza kwa simu. Mteja mmoja aliwapigia polisi kuwa kuna mtu mwenye bunduki. Polisi walifika, wakampiga risasi, akafa. Miezi mitatu baadaye, tarehe 22 Novemba, mtoto wa miaka 12, Tamir Rice, alikuwa akichezea bastola bandia ya kurusha gololi za plastiki katika bustani ya umma jijini Cleveland. Ncha yake ya rangi ya chungwa, inayotambulisha silaha bandia, haikuwapo. Mpiga simu alisema kwamba silaha hiyo huenda si ya kweli na kwamba aliyeishika huenda ni mtoto. Maneno hayo hayakufikishwa kwa askari waliotumwa. Askari alifyatua risasi ndani ya sekunde mbili tangu gari lifike. Tamir alifariki siku iliyofuata.

Vijana wote wawili walikuwa weusi, na ni haki kulisema jambo hilo waziwazi katika jarida linalosomwa na wazazi wa Kiafrika. Mjadala kuhusu wajibu wa polisi katika visa hivyo ulikuwa mkali na haukuwa bure. Lakini mzazi hawezi kungoja mjadala uishe ndipo amlinde mwanawe. Mtoto asiruhusiwe kamwe kutoka nje ya nyumba na chombo kinachofanana na silaha, kiwe cha upepo, cha gololi za plastiki au cha maji kilichopakwa rangi nyeusi. Si kwa sababu mtoto ana kosa, bali kwa sababu anayemtazama anaweza kuwa na hofu, na mwenye hofu hana muda wa kuuliza.

Kuandaa uwanja

Mtu anayeishi katika nchi inayoruhusu, na aliyekwisha kuhakikisha sheria ya mahali pake, anaweza kuandaa uwanja wa mita 10 nyuma ya nyumba au ndani ya banda. Umbali huo ndio uleule wa Olimpiki. Hakuna haja ya kutafuta mrefu zaidi mtaani.

Jambo la kwanza ni kizuizi cha nyuma ya shabaha. Ua wa mbao nyembamba usihesabiwe kuwa kinga, kwani kirisasi chaweza kuupenya. Ukuta mtupu wa matofali pia haufai, maana kirisasi hurudi nyuma au kuruka upande. Kifaa kizuri ni sanduku imara lililojazwa matambara yaliyoshindiliwa au mchanga, au mtego wa bamba nene la chuma lililoinamishwa ili kirisasi kiangukie chini. Gololi za chuma zisipigwe kamwe kwenye mtego wa chuma, mawe, miti au uso wa maji, kwa sababu hurudi kwa kasi kubwa. Nyuma ya sanduku pawepo kizuizi cha pili kikubwa zaidi, cha kupokea risasi zilizokosa. Ukubwa wake upimwe kwa kosa baya kuliko yote ambalo mgeni au kijana anaweza kulifanya, si kwa shabaha nzuri ya mwenye nyumba. Inafaa pia shabaha iwe chini kuliko mtutu, ili risasi inayokosa iingie ardhini.

Jambo la pili ni macho. Kila aliyepo uwanjani, anayelenga na anayetazama, avae miwani ya kinga ya plastiki ngumu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Miwani ya kawaida ya kusomea haitoshi. Watoto, mbwa na wageni wakae nyuma ya mlengaji, kamwe si ubavuni mwake.

Jambo la tatu ni nidhamu ya mkono. Kila bunduki ichukuliwe kuwa ina risasi. Mtutu usielekezwe kwa kitu ambacho mtu hataki kukiharibu. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka wakati wa kufyatua. Mlengaji ajue kilichopo nyuma ya shabaha, si shabaha peke yake. Kazi ikiisha, bunduki ihakikiwe kuwa tupu, ifungiwe kabatini, na virisasi vifungiwe mahali pengine.

Ama kuhusu kelele, wengi hawajui kwamba sauti inayomsumbua jirani mara nyingi si ya bunduki bali ya kirisasi kinapogonga bati au mbao. Sanduku la matambara huimeza sauti hiyo. Kirisasi chenye kasi kuliko sauti, yaani zaidi ya takriban mita 340 kwa sekunde, hutoa mlio mkali kama wa mjeledi. Kwa hiyo bunduki ya nguvu ndogo na kirisasi kizito kidogo vinafaa zaidi mtaani. Kulenga kutoka ndani ya banda lenye mlango wazi hupunguza kelele, na papo hapo humficha mlengaji machoni pa wapita njia. Mtu asijitengenezee kizuia sauti kwa mikono yake. Marekani, jambo hilo laweza kumwingiza katika kosa zito la shirikisho.

Jirani na askari

Jirani mwenye habari hapigi simu polisi. Anayepiga ni jirani aliyeshtushwa. Hivyo mlengaji mwenye busara hubisha hodi kabla ya siku ya kwanza. Hueleza anachokusudia kufanya, huwaonyesha majirani sanduku la shabaha na kizuizi chake, huwauliza ni saa zipi zinawafaa, na huwaachia namba yake ya simu ili, wakiwa na wasiwasi, wamwambie yeye kwanza. Pengine nyumba ya pili pana mtoto mchanga anayelala alasiri. Pengine pana mtu aliyeikimbia vita, ambaye mlio wowote wa bunduki humrejesha alikotoka. Hao wapo katika miji mingi ya Ulaya na Marekani, na baadhi yao wametoka katika ukanda wetu wa Maziwa Makuu. Kwa mtu wa namna hiyo, kelele ya sekunde moja yaweza kuwa usiku mzima bila usingizi, na moyo unaokwenda mbio bila sababu inayoonekana. Jirani akisema hapana, jibu la kiungwana ni kwenda kwenye klabu ya shabaha.

Kulenga kufanyike mchana, kwa muda mfupi, na kusimame mara jirani atokapo bustanini kwake. Mtutu usielekezwe upande wa dirisha la mtu hata kama bunduki ni tupu. Mavazi ya mabaka ya kijeshi yaachwe kabatini. Bunduki yenye kitako cha mbao au rangi angavu haishtui kama ile nyeusi inayoiga silaha ya vita. Inaposafirishwa, iwe tupu, ndani ya mkoba uliofungwa, kutoka mlangoni hadi kwenye gari. Isibebwe mkononi barabarani hata kwa hatua kumi. Baadhi ya walengaji hukitaarifu kituo cha polisi cha jirani mapema, kwa namba isiyo ya dharura. Taarifa hiyo si kibali, na askari bado wanaweza kuja, lakini huenda wakaja wakiwa na habari.

Na wakija? Usigeuke na bunduki mkononi. Hilo ndilo jambo la kukariri kuliko yote. Iweke chini taratibu, mtutu ukielekea kizuizini, au iachie ianguke ukiamriwa hivyo, onyesha viganja vyako vitupu, rudi nyuma, fuata amri bila kubishana. Maelezo ya sheria na jouli yatasubiri mpaka bunduki iwe mbali nawe. Kila mtu wa nyumbani, pamoja na watoto, afundishwe hatua hizo kabla hajapewa ruhusa ya kukaribia uwanja.

Ajali ikitokea

Ikiwa kirisasi au gololi imempata mtu jichoni, usilisugue wala kulikandamiza jicho, usilioshe, usitie dawa ya matone, na usijaribu kutoa kilichomo ndani. Lifunike kwa kitu kigumu kisichogusa jicho lenyewe, kama kitako cha kikombe cha karatasi, ukiegemeze kwenye mifupa inayolizunguka na kukibana kwa plasta. Mgonjwa akae kichwa kikiwa juu. Asile wala kunywa, kwa kuwa huenda akahitaji upasuaji. Asipewe aspirini wala dawa za maumivu za jamii yake, zisije zikaongeza damu kuvuja. Apelekwe hospitali yenye huduma ya macho mara moja, hata kama anaona.

Kwa kidonda cha sehemu nyingine, bana damu kwa kitambaa safi na mpeleke hospitali. Usichokonoe kutafuta kirisasi. Mweleze daktari kilichofyatuliwa ni nini, na ukiwa nacho kingine cha aina ileile, mpelekee akione. Jambo hili lina uzito wake: gololi nyingi ni za chuma, na kipimo cha MRI hutumia sumaku yenye nguvu ambayo yaweza kuisogeza gololi ndani ya jicho au ubongo. Eksirei au CT skani hutangulia. Daktari ataangalia pia kinga ya pepopunda.

Wazazi wasifiche kilichotokea kwa kuhofia aibu au polisi. Mtoto aliyepigwa na mwenzake huambiwa aseme kwamba alianguka juu ya kijiti, na uongo huo humpeleka daktari kutafuta jeraha ambalo halipo, na kuliacha lile lililopo.

Tunaporejea nyumbani

Msomaji anayeishi ughaibuni asidhani kwamba uhuru wa nchi moja ni kibali cha nchi nyingine. Asipakie bunduki ya upepo katika sanduku la zawadi za wapwa wake. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kila nchi ya jirani ina yake. Mwenye nia aulize polisi kabla ya kusafiri, si baada ya kufika forodhani.

Nasi tulioko huku tuna somo letu. Ni watoto wangapi wanaotoka asubuhi na manati shingoni, wakilenga ndege juu ya mwembe ulio kati ya nyumba mbili? Jiwe la manati lina kasi ndogo kuliko kirisasi, lakini jicho halihitaji kasi kubwa ili liharibike. Sharti ni lilelile: kinachorushwa kisivuke mpaka wako, anayekitazama asipate hofu, na mtoto asiachiwe peke yake chombo kinachoweza kumtoa mwenzake jicho.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Katika magonjwa mengi usemi huo ni ushauri mwema. Katika jeraha la jicho lililotobolewa ni zaidi ya ushauri, kwa kuwa mara nyingi tiba inayorudisha kilichopotea haipo. Kabla ya kufyatua, basi, mlengaji na asimame kidogo, atazame nyuma ya shabaha, asikilize upande wa pili wa ua, na ajiulize kama jirani yake anajua anachofanya. Akiwa na shaka katika lolote kati ya hayo matatu, bunduki na irudi kabatini.